Mawe Saba ya Nyanjige

Siku ya kwanza Elina aliilaumu chumvi.

Alikuwa amesonga ugali, akapika mlenda kwa dagaa, chakula alichokipika tangu hajaolewa, na alipoonja hakukuta kitu. Si kwamba chumvi ilikuwa kidogo. Hakukuwa na chumvi, wala dagaa, wala moshi wa jiko. Ilikuwa kama kutafuna shuka. Akaongeza kijiko, akaongeza cha pili. Mumewe Januarius, aliyerudi kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akala matonge matatu, akaitazama sahani.

"Mama Goodness, leo umepika au umechemsha tu?"

"Kiwanda kimekula pua yako," Elina akasema. "Wewe kula."

Wakala wakamaliza. Haikupita nusu saa, Goodness, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba, akaja kusimama mlangoni.

"Mama, tunakula saa ngapi?"

"Si tumekula sasa hivi?"

"Bado nina njaa."

Elina akamwambia anywe maji. Uani kulikuwa na pamba ya kuchambua kabla ya siku ya kupima kwenye chama cha ushirika, maana ikiingia takataka wataiita fifi, pamba ya daraja la pili, na bei itashuka, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu mwezi wa tano. Njaa ya mtoto aliyemaliza sahani haikuwa shida ya siku ile.

Akanunua chumvi nyingine. Akabadili unga. Siku moja alikaribishwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga kwa jirani yake Apolonia, akaukuta utamu wake wote, akala mpaka akaona aibu. Kumbe kinywa chake hakikuwa na ugonjwa. Apolonia akamfungia michembe mingine kwenye mfuko, Elina akaichemsha nyumbani kwake, ikawa makapi.

Sketi ya shule ya Goodness ilianza kuteremka. Elina akaibana kwa pini, halafu kwa pini mbili, halafu akaifunga kwa kamba ya gunia. Kwenye zahanati kadi ilisoma kilo ishirini na moja, halafu kumi na nane, halafu kumi na sita. Minyoo hakuna, malaria hakuna, sukari iko sawa.

"Mama, huyu mtoto unampa chakula?" nesi akauliza bila kuinua macho.

"Nampa."

"Kila siku?"

Elina aliutazama ukuta mpaka hasira ikapita. Mtu aliyelima ekari nne kwa jembe la ng'ombe, mgongoni ana mtoto huyo huyo, leo anaulizwa swali hilo. Akapokea unga wa lishe, akaenda kuupika. Goodness alikunywa bakuli mbili, akalamba mwiko. Wiki iliyofuata alikuwa na kilo kumi na tano na nusu.

Basi akampeleka kwa Apolonia akale huko. Siku tatu mtoto alichangamka, akacheka hata. Siku ya nne Apolonia akamrudisha mwenyewe, amemshika mkono, akawa anaongea chini chini ingawa barabarani hakukuwa na mtu.

"Mchukue mwanao, ndugu yangu. Usinichukie."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ila tangu jana sufuria yangu na yenyewe haina ladha. Na mchana kuna kitu kinakwangua humo jikoni." Akauachia mkono wa mtoto. "Nina wajukuu wanne, Elina."

Kesho yake Elina alirudi kutoka shambani kuchukua magunia. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini, kivuli cha mtu kimeingia chini ya miguu yake. Kuku wote walikuwa wamejipanga kwenye ukuta, midomo wazi, hakuna anayelia. Jikoni, kile kibanda cha nje chenye mlango wa bati, kulikuwa na sauti. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Ni sauti ya mtu anayekwangua ukoko.

Akadhani ni Goodness. Kisha akakumbuka kwamba Goodness yuko shule.

Akasukuma bati, akaiona sufuria aliyoiosha alfajiri na kuifudikiza juu ya kichanja, sasa imekaa wima juu ya mafiga yaliyopoa, haina kitu ndani, haina mtu kando yake, na ile sauti ikaendelea vile vile mbele ya macho yake, si ya mkono mmoja bali ya mikono mingi inayopishana, wengine wakikwangua upesi upesi kama watoto, mmoja taratibu na kwa nguvu kama mtu mwenye subira ndefu, na harufu iliyotoka mle ndani haikuwa ya uozo wala ya moshi, ilikuwa ya ugoro na samli, harufu aliyoijua vizuri kwa sababu kwa miaka kumi na moja ndiyo iliyokuwa ikipita dirishani kwake kila alfajiri.

Akalirudisha bati mahali pake kwa mikono miwili, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Harufu ile ilikuwa ya asubuhi za mama mkwe wake, Nyanjige. Mbele ya mji wao, pale uani pa nyumba, kulikuwa na vibanda saba vya nyasi vinavyofika magotini, kila kimoja kina jiwe ndani. Kila kulipokucha Nyanjige alipita na bakuli la unga wa mtama na kibuyu cha maji, akawataja wazee wa ukoo waliokufa mmoja mmoja, akawamwagia, akayapaka mawe yao samli na ugoro. Goodness, aliyekuwa akilala naye, ndiye aliyembebea bakuli. Mwaka jana miguu ya Nyanjige iliisha nguvu. Elina, ambaye ni Mkristo wa kuzaliwa na ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumwosha, akamletea katekista, akabatizwa.

"Nakubali kwa sababu nimechoka," bibi akasema siku ile. "Watu saba kila asubuhi, miaka hamsini, ni kazi. Sasa nani atawapelekea maji?"

"Tutaona, mayu," Elina akajibu, kama alivyokuwa akimwita mama yake mzazi.

Hakuona. Nyanjige akafariki mwezi wa tatu. Mwezi wa tano pamba ikaanza kuingia, ikahitaji pa kuanikwa, na mahali pakavu penye jua la kutwa ni pale penye vibanda. Elina akavibomoa asubuhi moja, hata saa haikuisha. Nyasi akawashia moto. Mawe yalikuwa mazuri, mazito, ya duara, akaona ni ujinga kuyatupa. Matatu akayafanya mafiga. Manne akayakandamizia pembe za turubai la pamba.

Januarius alipita pale akaona, akaenda kazini. Yeye ndiye aliyepaswa kuvirithi.

Baada ya mchana ule Elina akamwita Joakim, katekista. Joakim aliongoza kanisa dogo la kigango chao, ambalo zamani lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye tofali nje. Sasa walikuwa kumi na mmoja, Elina akiwemo siku asizokuwa na pamba. Hakuna aliyewafukuza hao wengine. Baadhi walifuata hema la nabii lenye spika barabarani, wengine walifuata mnada wa Jumapili, wengine walikuwa tu wamechoka. Joakim alikuja saa sita na chupa ya maji ya baraka, akasimama jikoni na kusali. Alipokuwa akisali palikuwa kimya. Aliposema amina, ikaanza tena. Kwaru. Kwaru.

Joakim akafunga chupa yake.

"Elina," akanong'ona, "nimebaki na watu kumi na mmoja. Nakuomba usiwaambie kwamba nimesali hapa."

*

Mganga Mayala alikaa Mwamapalala, na safari ya pikipiki ilimla Elina asubuhi nzima, kuku mweupe amemfunga kwenye kanga.

"Mwadila, mayu," Mayala akamsalimu. Alikuwa mzee mkavu, amevaa koti la suti na ndala.

"Mwadila, baba. Nimekuja kwa habari ya jini."

"Jini," Mayala akasema, kama mtu aliyetajiwa ndugu wa mbali. Akamchinja kuku, akampasua, akayatazama matumbo yake kwa muda mrefu. "Jini ana kwao, mayu. Anatoka huko pwani, anataka ubani, anataka marashi, ukimfukuza anapanda basi anarudi. Hawa hawana kwingine. Hawa ni masamva, mizimu ya wazee wa mume wako. Vibanda vilikuwa vingapi?"

"Saba."

"Na umevibomoa."

"Nilikuwa naanika pamba."

Mayala akayasukuma matumbo pembeni. Elina akauliza, "Wanataka nini?"

"Wewe ukikaa miezi yote hii hujala, unataka nini? Wanakula kiini, nyie mnabakiwa na makapi. Mtoto ndiye aliyekuwa akibeba bakuli, kwa hiyo wanamfuata mtoto."

"Mama mkwe yumo?"

"Hayumo. Ulimhamishia kanisani." Alisema bila lawama, kama anayezungumzia ng'ombe aliyeuzwa.

"Nikiwajengea tena?"

"Nani atawalisha? Wewe?"

Elina akafikiri. Hata Jumapili yenyewe ilikuwa ikimshinda. "Sitaweza," akasema.

"Heri wewe husemi uongo. Wengi wanajenga, wanalisha mwezi mmoja, wanaacha. Hapo ndipo mtu anazika mtoto." Akajifuta damu kwenye gazeti. "Basi waage. Saa sita, kwa majina, mmoja mmoja, kila mmoja unga wake na maji yake. Waambie hatutakuja tena. Ukimtaja ataondoka. Usiyemtaja atabaki, naye atakula sehemu ya wote saba."

"Majina siyajui, baba. Na mume wangu hayajui."

Mayala akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Zamani nilikuwa naingia kwenye mji, nakuta majina kumi, kumi na mawili, wanayajua hata wachunga ndama. Siku hizi wanakuja kutaka dawa ya mapenzi na ya kupata kazi halmashauri. Mwanangu anatengeneza simu Bariadi. Nikifa mimi, kuku hawa watakuwa mboga tu." Akamsukumia kuku aliyepasuliwa. "Mchukue. Nyumbani kwako hatakuwa na ladha, lakini mchukue."

Januarius alipiga simu mchana kutwa. Binamu mmoja alisema mambo hayo yalikwisha na babu. Mwingine alimwuliza kama amelewa. Shangazi yake Martha, wa Binza kule Maswa, ambaye siku hizi ameokoka, alipokea, akamsikiliza, akaenda kufunga mlango, kisha akataja majina matatu kwa haraka, kwa sauti ya pumzi tu. Bundala, Ndaki, Mayige.

"Na wengine, shangazi?"

"Hao ndio niliokumbuka. Msiseme ni mimi niliyewatajia."

"Tusimwambie nani?"

"Yeyote," akasema, akakata.

Januarius akakaa juu ya gunia. "Mama alitaka kunifundisha," akamwambia mkewe. "Kila likizo. Nilimwambia nikimaliza shule. Nikamaliza, nikamwambia nikipata kazi." Akaigeuza simu mkononi. "Hakunigombeza hata siku moja. Ningeona ni jambo kubwa kama angenigombeza."

Goodness alikuwa kilo kumi na nne. Shule alikuwa haendi tena. Alilala mkekani kivulini, mikono yake ikawa kama vijiti vya kuchokonolea moto, na pembeni alikuwa na kokoto anazozipanga na kuzipangua. Elina akamkalia karibu.

"Ulipokuwa unambebea bibi bakuli, alikuwa anasemaje?"

Mtoto akavuta kokoto. "Bundala, kunywa," akasema, akaweka moja. "Ndaki, kunywa. Mayige, kunywa. Ngassa, kunywa. Luhende, kunywa. Ng'wandu, kunywa."

Elina alihisi machozi, akayazuia, alikuwa akihesabu. "Na wa saba?"

"Wa saba anasema, na wewe, kunywa."

"Na wewe nani?"

"Na wewe tu. Jina lake lilipotea zamani. Bibi hakulikuta." Akaishika kokoto ya mwisho asiiweke. "Huyo alikuwa anampa maji mengi kuliko wote."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anamwogopa."

Elina akatoka hadi kwenye kichuguu ambako simu hushika, akampigia Mayala. Akamweleza habari ya yule wa saba.

"Apewe jina," Mayala akasema. "Jina ambalo mtu aliye hai ameitwa kwalo, na akaitika. Lakini jina humfuata mwenyewe, mayu. Atakayempa ndiye atakayekula naye."

"Mtoto ataachwa?"

"Mtoto ataachwa."

"Na huyo mtu atakula naye mpaka lini?"

"Mpaka afe, na yule ndipo naye atakwisha. Hivyo ndivyo wanavyokwisha hawa. Hakuna anayewaua. Mtu wa mwisho anachoka, basi."

Elina hakumweleza Januarius. Angesema atatoa la kwake, wangebishana, na mtoto hakuwa na siku za kungoja wakibishana.

*

Alingoja Januarius aende zamu. Akayang'oa mafiga matatu, akayatoa mawe manne kwenye pembe za turubai, na upepo ukaanza kuipeperusha pamba akauacha. Akayapanga mbele ya mji, palepale. Goodness alilala mkekani nyuma yake. Kuku walikuwa wameshajipanga ukutani, midomo wazi, na jikoni walikuwa wameanza.

"Bundala," akasema, akamwaga unga, akamwaga maji. "Kunywa. Hatutakuja tena. Nenda."

Sauti moja ikapungua jikoni. Aliisikia kabisa ikitoka kati ya nyingine, kama mtu anayeweka kijiko chini. Akamtaja Ndaki. Akamtaja Mayige. Alitegemea hasira, alitegemea upepo au kilio, lakini walikuwa wakiondoka kwa utii, kama wagonjwa wanaoitwa majina kwenye foleni, na hilo likamuumiza kuliko alivyotarajia, maana walionekana kana kwamba walichokuwa wakingoja muda wote huo ni mtu awaambie tu. Ngassa. Luhende. Alipomtaja Ng'wandu kuku mmoja akatikisa mbawa, na jikoni pakabaki mkono mmoja, ule wa taratibu, ule wenye nguvu.

Kisha huo nao ukanyamaza, Elina akashusha pumzi, na ndipo alipousikia upya, karibu sana, si jikoni tena bali nyuma yake, mkekani, kwaru, kwaru, sauti kavu ya kitu kinachokwangua juu ya kitu chembamba, akageuka akamwona mwanawe amelala chali, macho wazi, haongei, gauni limetulia juu yake bila kuguswa na mtu, na sauti ikipita chini ya gauni lile kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, ubavu kwa ubavu, bila haraka, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba sufuria imekwisha.

"Mama," Goodness akasema kwa midomo.

Elina alikuwa na jina jingine. Hakuna aliyemwita kwalo tangu mama yake alipokufa. Kwenye vyeti halikuwepo, Januarius mwenyewe alilisikia mara moja tu. Mama yake alikuwa akilitamka kutoka ng'ambo ya bwawa, jioni, ndama wakirudi, na popote alipokuwa aliitika na kukimbia.

"Wewe," akasema. Sauti yake ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Wewe mwenye jiwe la saba. Jina lako ni Sayi. Sayi, mwache mtoto. Njoo kwangu. Kunywa."

Akamwaga maji yote yaliyobaki. Jiwe likayanywa, halikubaki hata tone. Kuku wakashuka ukutani wakaanza kuchakura, na Goodness akageukia ubavu, akafumba macho, akakoroma kama mtoto yeyote.

Jioni Elina alipika kwa mafiga mapya ya tofali. Alisonga ugali, akampika yule kuku wa Mayala aliyekuwa amekaushwa kwa moshi, akatia nyanya na kitunguu kimoja. Januarius alishangaa kuona pamba imetapakaa hadi kwenye zizi, lakini kabla hajauliza akamwona Goodness ameketi bila kuegemea kitu.

Wakanawa. Mtoto akachovya tonge, akatafuna, akakunja uso.

"Mama, chumvi imezidi."

Januarius akaweka la kwake kinywani. Akakaa nalo bila kutafuna, macho yakamjaa. "Imezidi kweli, Mama Goodness," akasema, akacheka, akamsogezea mtoto paja zima. "Imezidi vibaya."

Elina akamega. Akachovya, akaweka kinywani, akatafuna shuka. Akameza. Upande wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu, palikuwa na harufu ya ugoro na samli. Akaisogeza sahani yake kidogo upande ule, akajisogeza na yeye mkekani, kama mtu anavyompisha mgeni aliyechelewa.

"Kweli imezidi," akasema. "Kesho nitapunguza."